Mafua yaliisha zamani ila kikohozi wiki ya 6 hakiachi, shida nini jamani?

usiku_mrefu:

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo yenu maana nimechoka kweli, hii ni wiki ya sita nakohoa. Ilianza kama mafua ya kawaida kabisa, koo likawasha siku mbili hivi halafu pua ikaanza kutiririka, chafya, kichwa kizito, mwili wote unauma, nikajua siku nne tano yatapita kama siku zote. Na kweli homa ikaisha, mwili ukarudi, ila kikohozi kikabaki, na pua nayo haijafunguka vizuri mpaka leo, upande huu ukifunguka ule unaziba.

Mchana nina nafuu. Nikilaza tu kichwa kwenye mto ndo kinaanza, kama kuna kitu kinanitekenya kooni, nakohoa mpaka machozi yanatoka na mbavu zinauma. Mke wangu halali, mtoto anaamka, asubuhi nafika kazini macho mekundu kama sijalala siku tatu. Makohozi sasa hivi hamna kitu, kikavu tu, ila wiki ya kwanza yalikuwa ya kijani nikaogopa nikaenda duka la dawa nikapewa amoksilini, nikamaliza dozi, wapi. Nikarudi nikapewa azithro (azithromaisini, antibiotiki nyingine) ya siku tatu, wapi. Sirapu nimeshamaliza chupa tatu tofauti, moja ilikuwa inanilaza usingizi kweli ila nikiamka kikohozi kipo palepale kinanisubiri.

Sasa nauliza, kwa nini mafua haya hayaishi? Natakiwa nipate antibiotiki kali zaidi au sindano? Na inaweza kuwa TB? Hilo ndo linaninyima raha kuliko kikohozi chenyewe. Nina miaka 44, sivuti sigara na sijawahi.

kaka_mtulivu:

Pole sana mkuu. Mimi nilipata kama hicho nikachomwa sindano tano za mfululizo kikakata. Hiyo amoksi mwili umeshaizoea, omba kitu kikali zaidi, usiendelee kuteseka.

nesi_wa_zamu:

Pole sana ndugu, na pole kwa shemeji pia maana najua kulala na mtu anayekohoa usiku kucha ni kazi. Nimefanya kazi chumba cha wagonjwa wa nje miaka mingi na hili swali lako ndo ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, nivumilie.

Kwanza kaka_mtulivu naomba tusiende huko kwenye sindano kali. Sikatai kwamba ulipona, ila sikiliza. Mafua yanaletwa na virusi, na siyo kirusi kimoja, vipo zaidi ya 200, wanaoongoza wanaitwa rinovirusi. Antibiotiki inaua bakteria, kirusi haimgusi kabisa hata ukimeza kopo zima. Na mwili haufanyi "kuzoea" dawa, ni bakteria ndo wanaojifunza kuishinda dawa, wale waliomo mwilini mwako hata kama hawakuwa wanakuumiza, halafu siku ukipata nimonia ya kweli ile dawa inagoma. Alexander Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928 alilisema hili mwenyewe alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, kwamba watu watatumia dawa kidogo kidogo hovyo na vijidudu vitakuwa sugu. Tunayaona sasa.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba antibiotiki iliwaponya? Ni kwa sababu ya hesabu ya siku. Pua na homa ya mafua huwa inaisha ndani ya siku 7 mpaka 10. Kikohozi siyo hivyo, kwa wastani kinachukua kama siku 18 tangu kuanza, na wengine wiki tatu kamili, na hapo mtu ni mzima tu hana tatizo lingine. Sasa watu wengi wanaamini kikohozi ni wiki moja. Siku ya nane au ya tisa akiona bado anakohoa anapanda hasira, ananunua dawa, anameza siku tano au saba, kinakata kama kilivyokuwa kimepanga kukata, sifa anapewa amoksilini. Nimeona hiki kitu mara nyingi sana mpaka nasikitika.

Na ile rangi ya kijani haimaanishi bakteria. Ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zina kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) chenye rangi ya kijani, zikifa nyingi kwenye kamasi linageuka rangi. Mafua ya virusi tupu yanaweza kutoa kamasi la njano na kijani vizuri kabisa.

Sasa kwa nini kikohozi kinabaki wakati kirusi ameshaondoka. Ndani ya njia ya hewa kuna utando laini wenye vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kazi yake ni kufagia kamasi na vumbi kupeleka juu. Kirusi akipita anavichubua. Mpaka viote upya ni wiki kadhaa, na muda huo wote mishipa ya fahamu ya kooni iko wazi kama kidonda kibichi, ndo maana kitu kidogo tu, kucheka, kuongea sana, hewa ya baridi, harufu ya manukato, moshi, kinakuchokoza unaanza kukohoa. Na kila unavyokohoa unajichubua tena. Hicho kikohozi cha baada ya mafua kinaweza kufika mpaka wiki nane, na ukikiacha kinaisha chenyewe.

LAKINI, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri ndugu yangu, hatuwezi kumwambia mtu wa wiki sita "subiri tu". Kikohozi cha wiki mbili au zaidi unapima TB, mwisho wa maneno, hata kama unajiona mzima. Siyo kwa sababu nadhani unayo. Hujasema habari ya kupungua uzito wala jasho la usiku wala damu. Ila ni kipimo cha makohozi tu, kile cha mashine kinachosoma vinasaba vya vimelea majibu yanatoka ndani ya saa chache, na hiyo hofu uliyonayo itakwisha. Ikiwepo inatibika, dozi ya kawaida ni miezi sita. Kinachoua watu ni kukaa nayo. Na kabla hujapima usikubali antibiotiki ya jamii ya levofloksasini au sipro (siprofloksasini), zinaifunika TB kidogo, mtu anapata nafuu ya uongo halafu ugonjwa unagunduliwa umechelewa.

Baada ya hapo naomba unijibu haya: (1) hiyo pua unatumia dawa gani ya kupuliza na kwa muda gani? (2) Una presha au dawa yoyote unayomeza kila siku? (3) Unapata kiungulia, au uchachu mdomoni ukilala? (4) Kifua kinapiga filimbi, au unabanwa ukipanda ngazi? (5) Nyumbani au kazini kuna mtu mwingine anayekohoa muda mrefu, na kuna moshi au vumbi?

mama_pacha:

Nesi asante sana, naomba niongezee kwa uchungu kwa sababu hiyo namba 4 ilitukuta. Mwanangu mmoja wa hawa pacha alikuwa anakohoa kila usiku kuanzia saa nane mpaka alfajiri, miezi miwili na zaidi, kila tukimpeleka tunaambiwa mafua, anapewa sirapu na antibiotiki, pacha wake yuko salama kabisa analala kitanda cha pembeni. Mafua yanaisha wiki hii wiki inayofuata yanaanza tena. Alikuwa akikimbia kidogo anasimama anashika magoti anakohoa, mimi najua amechoka tu. Siku moja tukamkuta daktari mmoja kijana akaweka kifaa kifuani akasema mama huyu ni pumu, na siyo lazima abanwe pumzi ndo iwe pumu, kuna watoto pumu yao inatoka kama kikohozi kikavu cha usiku basi. Akaanzishiwa ile dawa ya kuvuta na kile chombo cha plastiki cha kuvutia. Wiki mbili mtoto analala. Nililia, siyo kwa furaha tu, nilikuwa nakumbuka zile chupa zote nilizomnywesha.

Kwa hiyo jamani mtoto akikohoa wiki nne na zaidi msikubali jibu la "ni mafua tu".

Nesi nina swali pia, hawa wangu wako chekechea sasa na kila mwezi ni mafua, hiyo ni kawaida au kinga yao imeshuka?

usiku_mrefu:

Nesi Mungu akubariki, hakuna aliyewahi kuniuliza haya maswali, pale dukani naulizwa tu "kikavu au cha makohozi" napewa chupa.

Najibu. (1) Dawa ya pua ndiyo, ile ya kupuliza ya kuzibua, naitumia tangu wiki ya kwanza, sasa hivi napuliza mara tano sita kwa siku maana nisipopuliza pua inaziba kabisa mpaka napumulia mdomo. Ni chupa ya nne hii. (2) Presha ndiyo, niligundulika miezi mitatu iliyopita, nikaanza enalapril kidonge kimoja kwa siku kama wiki mbili hivi kabla ya haya mafua. Sikuitaja kwa sababu haihusiani na kikohozi. (3) Kiungulia mara moja moja sana. (4) Filimbi hapana, ngazi napanda vizuri. (5) Hakuna anayekohoa, moshi hakuna. Uzito uko vilevile, jasho la usiku hapana.

nesi_wa_zamu:

Ndugu yangu, inahusiana, tena sana.

Enalapril ni ya kundi la dawa za presha ambazo majina yake yanaishia na "pril", captopril, lisinopril, ramipril na wenzake. Ni dawa nzuri, zinalinda moyo na figo, ila kwa baadhi ya watu zinaleta kikohozi kikavu cha kutekenya koo, kinachosumbua zaidi usiku, na hakisikii sirapu wala antibiotiki ya aina yoyote. Zinazuia kimeng'enya ambacho mbali na kazi ya presha ndicho pia kinachovunja kemikali fulani za kuchokoza njia ya hewa, zile kemikali zinarundikana, koo linakuwa halitulii. Kinaweza kuanza siku chache baada ya kuanza dawa au hata miezi baadaye. Wewe ulianza dawa, wiki mbili mbele ukapata mafua, kila mtu akayasingizia mafua.

Sasa tafadhali sana USIACHE kidonge chako leo usiku kwa sababu umesoma hapa. Presha ikipanda ghafla ni hatari kuliko kikohozi chochote. Nenda kwa aliyekuandikia, mwambie tarehe ulipoanza dawa na tarehe kikohozi kilipoanza, yapo makundi mengine ya dawa za presha ambayo kwa kawaida hayaleti hiki kitu, atakubadilishia yeye. Na ujue kikohozi hakikati siku hiyohiyo, mara nyingi ni wiki moja mpaka nne, wachache hadi miezi mitatu.

Ya pili ni hiyo dawa ya pua. Zile za kuzibua zina kitu kinaitwa ksailometazolini au oksimetazolini, zinafanya kazi kwa kubana mishipa ya damu ya puani, zinafungua kweli dakika chache tu. Ukizidisha siku tano hivi, nyingine kwenye kasha wanaandika wiki moja kabisa mwisho, pua inageuka, dawa ikiisha nguvu mishipa inavimba kuliko mwanzo, unapuliza tena, inavimba tena. Yaani kuziba kwako kwa sasa kunawezekana hakuna uhusiano na mafua tena, ni dawa inayokuziba. Na ukiwa na presha ndo kabisa hizo dawa unatakiwa ukae mbali nazo. Pua ikiziba unapumulia mdomo, koo linakauka, na kamasi linashuka kwa nyuma kwenda kooni ukilala chali, hapo umejiongezea kikohozi cha pili juu ya kile cha kwanza. Iache. Siku kadhaa za kwanza utateseka, wengine wanaanza kuacha upande mmoja wa pua kwanza halafu wa pili ili angalau wapumue. Mwulize daktari kama unahitaji ile ya kupuliza ya aina ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe wa puani, ikusaidie kuvuka, hiyo ni tofauti, haina tabia ya kuziba.

Badala yake osha pua na maji ya chumvi. Maji yaliyochemshwa yakapoa yawe vuguvugu, siyo ya bomba moja kwa moja, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha robo lita. Unainamia sinki, unaingiza upande mmoja yanatokea mwingine, unapenga taratibu. Lala umeinua kichwa na kifua. Kijiko kimoja cha asali dakika thelathini kabla ya kulala kinatuliza koo vizuri, kwenye majaribio kwa watoto asali imefanya kazi sawa au zaidi ya sirapu zinazouzwa. Kunywa maji ya kutosha. Kujifukiza na mvuke kunampa mtu raha kidogo ila hakuponyi, na nimeshaona watoto wameungua vibaya kwa sufuria la maji ya moto, kwa hiyo mimi siushauri.

Na angalia vidonge vya "mafua" vya mchanganyiko, vingi ndani yake vina parasetamoli tayari, mtu anameza hivyo halafu anaongeza parasetamoli yenyewe kwa ajili ya kichwa, ini linaumia. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge nane vya miligramu 500, vyote ukivijumlisha. Vingine pia vina dawa ya kuzibua pua inayopandisha presha, soma kasha.

mama_pacha umenigusa sana. Mafua sita mpaka nane kwa mwaka kwa mtoto mdogo ni kawaida, na chekechea yanaweza kuzidi hapo, wanapokezana. Hesabu yake ukiitazama, kila moja kikohozi chake wiki mbili tatu, lazima uone kama haachi kukohoa msimu mzima, kumbe ni mafua mapya juu ya yale ya zamani. Dalili kwamba ni mapya ni pale anapokuwa na siku chache katikati za kuwa mzima kabisa, anakula, anacheza. Kwa watoto asali usimpe aliye chini ya mwaka mmoja kwa sababu ya sumu ya botulizimu, aspirini hapana mpaka avuke miaka 16, sirapu zenye kodeini hapana kwa mtoto, na hizi sirapu nyingine za mafua kwa wadogo hazisaidii zaidi ya kuwalaza.

Kinachotakiwa kukukimbiza hospitali na mtoto ni pumzi. Mvue shati akiwa ametulia, hesabu dakika nzima kifua kinapanda mara ngapi. Chini ya miezi 2 ikifika 60, miezi 2 mpaka 11 ikifika 50, mwaka mmoja mpaka mitano ikifika 40, hiyo ni haraka mno, inaweza kuwa nimonia na hapo antibiotiki ina kazi yake kweli. Mbavu za chini zikiingia ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, midomo ikiwa na rangi ya bluu, usisubiri asubuhi. Na kichanga anayekohoa mfululizo mpaka anatapika au anasahau kupumua, huyo fikiria kifaduro, kinaua vichanga, na watu wazima ndo wanawaletea bila kujua maana kwao kinaonekana kikohozi kirefu tu.

mwalimu_wa_mchepuo:

Mimi kwangu ilikuwa namba 3, asidi ya tumbo. Nilikohoa miezi minne, kiungulia sikukisikia hata siku moja, dalili yangu ilikuwa sauti kukwaruza asubuhi na kusafisha koo kila dakika darasani. Nilipoacha kula usiku sana nikawa namaliza kula masaa matatu kabla ya kulala na nikainua kitanda upande wa kichwa, pamoja na dawa nilizoandikiwa, kilipungua taratibu, kama miezi miwili hivi. Naandika kwa yule atakayesoma hii na hamezi dawa ya presha.

kaka_mtulivu:

Nesi nimesoma yote, nimeelewa. Nikihesabu vizuri zile sindano nilichoma kama siku ya kumi na mbili, kwa hiyo kweli pengine kilikuwa kinaisha. Mkuu usiku_mrefu nisamehe, achana na ushauri wangu wa pale juu.

usiku_mrefu:

Wakuu nimerudi, ni wiki tatu na siku kadhaa tangu niandike. Kaka hamna neno, ulitaka kunisaidia.

Kipimo cha makohozi, walihangaika kunitoa makohozi maana kilikuwa kikavu, ila yalipatikana asubuhi na mapema, majibu hakuna TB. Picha ya kifua safi. Siku ile nilipopewa majibu nilikaa kwenye benchi nje dakika kumi nzima, sikuwa najua nilikuwa nimebeba hofu kubwa kiasi kile. Daktari nilipomwonyesha zile tarehe mbili alitikisa kichwa akanibadilishia dawa ya presha hapohapo, akasema nirudi baada ya wiki mbili apime, nimerudi, presha iko vizuri.

Dawa ya pua niliacha. Usiku wa kwanza na wa pili sikulala kabisa, wa tatu nikakaribia kwenda kununua nyingine, mke wangu akanizuia. Siku kama ya sita hivi pua ikafunguka yenyewe, pande zote mbili. Maji ya chumvi naendelea nayo.

Kikohozi bado kipo, nisiwadanganye, hasa nikiongea sana kwenye simu. Ila usiku kinanijia mara moja au mbili halafu kinaacha, na juzi nimelala masaa sita mfululizo bila kuamka. Nesi je kwa kasi hii niendelee kusubiri au nirudi?

nesi_wa_zamu:

Nimefurahi sana kusoma hii. Endelea, uko ndani ya muda wake, kinapungua kila wiki na hicho ndo tunachokiangalia. Ikifika miezi mitatu tangu ubadilishe dawa na bado kipo, au kikianza kupanda badala ya kushuka, au ukaona damu, homa, kubanwa, rudi, waanze kuangalia pumu na tumbo. Msalimie shemeji, mwambie alale.